Usiache Amana Yako Getini: Mazungumzo na Vijana wa Sangailu Kuhusu Kazi za Mabenki



Vijana wetu, ndugu na dada zangu, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kukaa hapa. Na wewe unayesoma haya kwa simu, uwe Masalani, Hulugho, Garissa mjini, Eastleigh ama Mombasa, hesabu kwamba umekaa na sisi hapa Sangailu chini ya mti. Nimeyaandika yale yale niliyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Nimeambiwa niongee juu ya kazi. Nikauliza, kazi gani? Nikaambiwa kazi za kampuni kubwa za pesa, manake kijana akimaliza chuo siku hizi ukimuuliza unataka nini, anakwambia benki. Hata mimi nilitaka hiyo. Shati jeupe, tai, kadi ya jina shingoni, chumba chenye hewa baridi wakati nje jua la Garissa linachoma. Mama akiulizwa mtoto yuko wapi, anajibu kwa sauti, "Yuko benki." Heshima kubwa hiyo.

Nilifanya kazi katika benki moja kubwa kwa miaka sita, kuanzia 2012 mpaka 2018. Jina lake sitalitaja, na haina haja, manake nikikaa na wenzangu waliofanya kwingine tunasimuliana hadithi ile ile. Sikuja kuwakataza kuomba kazi hizo. Ombeni, na mkipata mfanye kwa bidii. Nimekuja kuwaambia kile ambacho hakuna mtu aliniambia siku ile naingia getini. Na kuna jambo la aibu nililolifanya mimi mwenyewe, nitawaeleza mbele. Nisikilizeni mpaka mwisho.

Tuanze na kisa mnachokijua tangu madrasa. Nabii Musa (A.S.) alitoroka Misri akafika Madyan akiwa hana kitu. Akakuta watu wananywesha mifugo, na wasichana wawili wamejitenga na wanyama wao, wanangoja wanaume wamalize. Akawanyweshea. Baba yao alipomwita, binti mmoja akamshauri baba amwajiri, akataja sifa mbili za mtu anayefaa kuajiriwa: awe na nguvu, na awe mwaminifu. Mpaka hapo sote tunakijua, na mabosi wanakipenda sana kipande hicho. Kila mahali utasikia wanataka wafanyakazi wenye nguvu na waaminifu.

Lakini endelea kusoma Suratul Qasas uone yule mzee alisema nini. Aliweka muda wa kazi wazi: miaka minane, na ikifika kumi basi ni kwa hiari ya Musa mwenyewe. Akamwambia kwamba hataki kumtwisha mzigo mzito. Na Musa naye akasema lake, kwamba muda wowote atakaoumaliza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe, na Mwenyezi Mungu ni shahidi wa wanayoyasema. Kuna kazi inayojulikana, kuna muda, kuna ujira, kuna ahadi ya bosi kutomlemea mtu, na mfanyakazi naye ana sauti. Sifa mbili ziko kwa mfanyakazi, na masharti yako kwa mwajiri. Sisi tumeshika nusu ya kwanza, ya pili tumeiacha.

Na nyinyi ni watoto wa wafugaji, hilo halihitaji profesa. Ukimpa mtu ng'ombe wako awachunge, kisha usimpe chai wala sukari, usimtembelee, ukimwona unauliza maziwa tu na kumfokea mbele ya watu, ng'ombe wako watakondaje? Watakondeana polepole, na wewe utasema ni ukame. Mchungaji hakuiba. Moyo tu umemtoka. Anawapeleka malisho ya karibu badala ya malisho mazuri. Mmoja akichechemea, hasemi. Hiyo ndiyo wataalamu wanaiita ari ya kazi. Ile hali ya jumla, namna watu wanavyosemeshwa, wanavyopimwa, wanavyoadhibiwa na wanavyosifiwa mahali pa kazi, ndiyo utamaduni wa kazini. Hauandikwi ukutani. Ukutani wataandika uadilifu, ushirikiano, mteja kwanza. Utamaduni wenyewe utaujua Jumatatu asubuhi, meneja akisoma majina ya walioshindwa kufikisha tageti.

Tageti. Hilo neno lilinifanya nikose usingizi. Kila wiki unaambiwa idadi ya akaunti za kufungua, mikopo ya kuuza, bima za kuandikisha. Jioni meneja anatuma kwenye kundi la WhatsApp orodha ya majina, wa juu anapigiwa makofi, wa chini anawekewa alama nyekundu. Kuna asubuhi mtu mzima, baba wa watoto wanne, alisimamishwa mbele yetu aeleze kwa nini anakula mshahara wa bure. Sote tuliangalia chini. Hakuna aliyesema neno. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alifanya hesabu moja tu kichwani: nisiwe mimi kesho.

Mtu akifanya kazi kwa hofu ya namna hiyo, ndio anaanza kufanya mambo. Nami nilifanya.

Wazee walikuwa wanakuja kutoka pande hizi, wameuza ng'ombe soko la Garissa, hawataki kurudi njiani na pesa taslimu. Wanataka kuziweka tu. Mimi nawajazia fomu. Fomu moja ni ya akaunti. Chini yake kuna nyingine ya bima. "Mzee, weka kidole hapa. Na hapa. Na hapa." Nilikuwa nasema Kisomali vizuri, mzee ananiamini, ananiita mwanangu. Sikumdanganya kwa mdomo. Nilinyamaza tu kuhusu ile karatasi ya pili. Kila kidole kilikuwa kinahesabiwa kwangu, na jioni jina langu linapanda kwenye orodha.

Msidhani hayo ni ya huku kwetu peke yake. Marekani kuna benki inaitwa Wells Fargo, moja ya mabenki makubwa kabisa duniani. Wafanyakazi wake waliwekewa malengo makali ya kuuza, mteja mmoja auziwe mpaka huduma nane. Walioshindwa walibanwa. Basi wakaanza kuwafungulia watu akaunti bila idhini yao. Septemba 2016 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kwamba akaunti karibu milioni mbili huenda zilifunguliwa bila wateja kukubali. Wafanyakazi kama 5,300 walikuwa wamefutwa. Mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu, John Stumpf, akaondoka. Mwaka 2020 benki ikakubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza kesi hizo.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Elfu tano na mia tatu. Unaweza kuniambia benki moja iliajiri wezi elfu tano kwa bahati mbaya? Hapana. Wengi wao walikuwa vijana kama nyinyi, wana kodi ya nyumba, wana mama anayesubiri kitu kidogo mwisho wa mwezi. Waliwekwa mahali ambapo uongo unalipwa na ukweli unaadhibiwa. Kila aliyefanya ana dhambi yake, siwafutii. Lakini aliyepanga mizani ile mbovu naye ana yake. Suratul Mutaffifin imeanza na onyo kwa wanaopunja vipimo, na mimi siku hizi nikiisoma simfikirii muuza sukari peke yake. Naifikiria ile orodha ya jioni.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Pale tawini tulikuwa na dada mmoja wa kwetu. Jina lake nalihifadhi. Yeye alikaa dirisha la pili kutoka kwangu. Mzee akija kwake, anasoma kila karatasi kwa Kisomali, neno kwa neno. "Hii ni akaunti. Hii ni bima, kila mwezi wanakukata kiasi hiki. Unaitaka ama huitaki?" Wazee wengi wanasema hawaitaki. Basi foleni yake inakwenda polepole, na idadi yake iko chini kila jioni. Meneja akaanza kumwita mzembe. Akawa anapangiwa zamu ya mchana wa Ijumaa na Jumamosi zote. Akipita, watu wanacheka kuhusu buibui lake, eti ndilo linalomfanya atembee taratibu. Na mimi niliwahi kucheka. Kidogo, lakini nilicheka.

Siku moja akapewa barua aende kikao cha nidhamu Nairobi, kosa lake ni utendaji duni. Akanijia wakati wa chakula. Akaniambia, "Ndugu yangu, nimesoma, naruhusiwa kwenda na mfanyakazi mwenzangu. Twende na wewe." Mimi wiki ile ile nilikuwa nangoja barua ya kupandishwa cheo. Nikamwambia nina kazi nyingi, hesabu za mwisho wa mwezi. Haikuwa kweli. Akasema sawa, hakunilaumu. Akaenda peke yake, na kibarua chake kikaota nyasi. Mimi nikapandishwa.

Miezi michache baadaye mzee mmoja akaja dirishani kwangu na simu yake, amepata mtu wa kumsomea meseji za benki. Akaniambia, "Mwanangu, hapa kuna mtu anakula pesa zangu kidogo kidogo. Hebu niangalizie ni nani." Nikafungua kompyuta, nikaona ile bima, nikaona jina la aliyemwandikisha. Lilikuwa langu. Niliisimamisha bima siku hiyo hiyo, na zilizokatwa nikamrudishia kutoka mfukoni mwangu. Lakini sikumwambia ni nani. Akaniombea dua. Sijawahi kusikia dua nzito kama ile.

Vijana, nimewaambia hayo ili msije mkafikiri adui wa ari ya kazi ni meneja peke yake. Meneja alikuwa mmoja. Sisi tulionyamaza tulikuwa kumi na sita.

Sasa tuongee sheria, manake yule dada aliijua kuliko mimi, na nyinyi nataka muijue kabla hamjapata kazi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, wa dini, wa kabila, wa mavazi, na mengine. Kifungu cha 32 kinasema wazi kwamba mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani au dini yake. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Hayo hayakuletwa na bosi kama zawadi ya Idd. Ni katiba.

Kisha kuna Sheria ya Ajira ya 2007. Hii ipakue kwenye simu yako, uisome mwenyewe. Nikupe vipande vichache tu vya kushika.

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kama hujui kusoma Kiingereza cha sheria, chukua nakala, lala nayo, mpe mtu anayejua. Anayekuharakisha utie sahihi palepale, jiulize anaogopa nini.

Muda wa majaribio usizidi miezi sita, na ukiongezwa, uongezwe kwa makubaliano yako. Kuna vijana wanakaa kwenye majaribio miaka miwili wakidhani ndio kawaida.

Una siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo ukishamaliza mwaka.

Kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iwe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Dada zangu, ulizeni hiyo sera siku ya kwanza, kwa heshima tu: "Naomba nakala." Mtu akijua unaijua, mara nyingi mkono wake unakuwa mfupi.

Sehemu ya 41 ndiyo ya yule dada. Kabla hujafutwa kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, umchague mwenyewe, akae pale asikie. Asipofanya hivyo, kufutwa kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa si kwa haki. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kuamuru ulipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kesi ya namna hii ina muda wake, miaka mitatu, usikae nayo nyumbani mpaka ikaoza.

Na sehemu ya 46 inasema dini si sababu ya haki ya kumfuta mtu, na vilevile kumlalamikia mwajiri si sababu, ikiwa malalamiko yako yana msingi.

Kuhusu swala ya Ijumaa niwaambie ukweli, nisiwapake mafuta. Sheria ya Ajira haikukuandikia saa ya Ijumaa kwa jina. Inakataza ubaguzi, na katiba inalinda ibada yako. Kwa hiyo utaratibu mzuri ni kuongea mapema, kabla ya kutia sahihi. Sema, "Ijumaa nitahitaji muda huu, nitafidia kwa kuingia mapema." Andika barua pepe, upate jibu la maandishi. Usingoje mpaka siku ya Ijumaa ndio utoroke kwa mlango wa nyuma, kisha ukiitwa unalia dhuluma.

Wengine mtaniuliza, je, si twende mabenki ya Kiislamu tumalize? First Community Bank na Gulf African Bank zilianza kazi mwaka 2008, na zilifungua mlango kwa vijana wetu wengi. Ile ya kwanza ilinunuliwa na Premier Bank ya Mogadishu mwaka 2023. Ni jambo la kujivunia. Lakini mkataba wa mkopo ukiwa hauna riba, hilo ni jambo moja. Karani anasemeshwaje, hilo ni jambo lingine. Popote utakapokwenda, uliza maswali yale yale. Na ukiwa wewe ndiye bosi wa mahali panapojiita pa Kiislamu, deni lako ni kubwa zaidi, manake mtu akivunjwa moyo hapo anavunjwa moyo na dini pia.

Kuna dhoruba nyingine inatoka nje ya ofisi, na sisi wa Garissa tunaijua kwa machungu. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Watoto wa watu, wamelala mabwenini. Mwenyezi Mungu azipe subira familia zao. Siku chache baadaye serikali ikasimamisha leseni za kampuni 13 za hawala. Katika orodha hiyo ya serikali walikuwemo hata MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya Pwani, akaunti zao zikafungwa, mpaka mahakama Mombasa ilipoamua upande wao baadaye mwaka huo huo. Hawala ziliruhusiwa kufungua tena Juni 2015.

Kati ya Aprili na Juni kuna nini? Kuna kodi ya nyumba ya karani wa hawala aliyekwenda kazini akakuta mlango umefungwa. Kuna mama hapa aliyezoea kupokea kitu kutoka kwa kijana wake ng'ambo. Wale makarani hawakushtakiwa kwa lolote. Na sisi tuliokuwa mabenki mengine, majina yetu yalianza kutajwa kwa mzaha. Mwenzangu mmoja aliniuliza mbele ya wateja kama mkoba wangu umekaguliwa. Watu wakacheka. Mimi nilicheka nao, halafu nikaenda chooni nikakaa dakika kumi.

Mzaha kama huo ni jambo la kazi, si jambo la siasa. Meneja anayeusikia akanyamaza amewaambia watu wote ni halali. Anayesema palepale, "Hapa hatuongei hivyo," amefanya kazi kubwa kuliko semina ya siku tatu kwenye hoteli ya Naivasha.

Mwaka uliofuata ukaja mtihani mwingine. Chase Bank iliwekwa chini ya usimamizi Aprili 2016, miezi sita baada ya Imperial Bank, watu wakaanza kuogopea pesa zao. Septemba 14 mwaka huo sheria ya kudhibiti riba ikaanza kazi, mkopo usizidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Sheria hiyo ilikaa mpaka Novemba 2019. Mabenki mengi yakapunguza matawi na watu. Walikuja na maneno matamu, kustaafu mapema kwa hiari. Lakini kila mtu alikuwa anaangalia nani ameitwa ghorofani. Kumbuka: kupunguzwa kazi pia kuna sheria. Sehemu ya 40 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, vigezo vya haki vya kuchagua nani anaondoka, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Hiyo isikupite.

Kuna chama cha wafanyakazi wa mabenki, bima na fedha, BIFU. Kinajadiliana na chama cha wenye mabenki juu ya mishahara na masharti ya makarani. Uliza siku ya kwanza kama cheo chako kinaingia. Wengi wenu mtaanza kama wauzaji wa mkataba, mkilipwa komisheni, labda mmeajiriwa na wakala na wala si benki yenyewe. Jueni nani hasa ni mwajiri wenu, jina lake liko kwenye mkataba. Manake siku ya matatizo kila mmoja atasema, "Huyu si wangu."

Sasa nimalize na mambo ya kufanya, yawe mepesi kubeba.

Kwanza, weka daftari lako. Tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo. Usiliweke ofisini. Siku ukiitwa, karatasi itakumbuka kuliko hasira yako.

Pili, kataa dhuluma ikiwa bado ndogo. Ukiambiwa mfiche mzee ile karatasi ya pili, msomee. Idadi yako itashuka, najua. Lakini kidole cha mzee ni amana, na ukishakizoea kukitumia mara moja, mara ya kumi hutaisikia.

Tatu, usiwe shujaa wa mitandao. Lalamika kwa maandishi, kwa adabu, kwa ngazi zake: msimamizi wako, kisha idara ya wafanyakazi, kisha afisa wa kazi wa serikali au chama chako. Ukifutwa, nenda kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Kuropoka Facebook na jina la kampuni kutakupa kura nyingi za moyo na kesi moja ya kashfa.

Nne, mwenzako akikwambia "twende na wewe kikaoni," nenda. Tafadhali. Yafute yote niliyosema leo ukitaka, hili libaki.

Mwaka jana nilimtafuta yule dada. Sasa anafanya kazi kwingine, alhamdulillah, anaheshimiwa. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, kwamba hata ningekwenda wangemfuta tu, kwamba mimi sina maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sikuhitaji uniongelee. Nilihitaji mtu mmoja wa kwetu akae kwenye kile kiti." Akanisamehe. Kiti bado nakiona.

Yule mzee naye nilimfuata kijijini kwake, nikamwambia kwamba mla pesa alikuwa mimi. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Wale wengine umewaambia?" Basi ndiyo safari niliyomo. Nimeanza na majina ninayoyakumbuka, na bado sijamaliza.

Nyinyi mnaoanza leo hamna orodha kama yangu. Ingieni getini na nguvu zenu na uaminifu wenu, na mkitoka jioni mtoke navyo vyote viwili. Na siku mkikaa kwenye kiti cha meneja, inshaallah wengi wenu mtakaa, kumbukeni ahadi ya yule mzee wa Madyan kwa kijana mgeni asiye na kitu: hakutaka kumlemea.

Maswali nitayapokea hapa chini. Na kama kuna mwenzako ameitwa kikaoni wiki hii, mtumie haya leo, usingoje kesho.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.